Si Kila Ashikaye Tama Amekata Tamaa

Katika kitabu kimoja cha sanaa ya Ugiriki maktabani mwetu mna mchoro wa wino mweusi, usio na rangi yoyote. Umenakiliwa kutoka kikombe cha udongo kilichotengenezwa yapata mwaka wa 440 K.K., ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Chiusi, Italia.

Mchoro unamwonyesha Penelope ameketi, amejitanda, mguu juu ya mguu, kichwa kimeinama na ameshika tama. Mwanawe Telemachus amesimama mbele yake na mikuki mkononi. Nyuma yao kuna kitanda cha mfumi chenye nguo ambayo haijamalizika, iliyopambwa kwa viumbe wenye mabawa.

Tulipoujadili chamani, wengi walisema, "Maskini, mama huyu amekata tamaa!" Sababu walikuwa nazo. Mumewe, Odysseus, alikwenda vitani Troy na miaka 20 imepita. Wachumba 108 wamejaa nyumbani, wanamla mifugo na kumshurutisha achague mmoja wao. Isitoshe, kwetu mtoto akishika tama hukemewa papo hapo, ati anaita msiba.

Mimi nakataa. Hebu kitazameni kile kitanda cha mfumi. Penelope aliwaambia wale jamaa wangoje kwanza afume sanda ya baba mkwe wake, mzee Laertes. Wakakubali, nani angethubutu kumnyima mzee sanda? Basi mchana akafuma, usiku akawasha mienge, akafumua. Kwa miaka mitatu wanaume 108 walishindwa na uzi! Siri ilitoboka mwaka wa nne tu, aliposalitiwa na mjakazi. Sasa mtu wa akili hiyo akishika tama, analia au anapiga hesabu?

Upande wa pili wa kikombe hicho yumo yaya mzee akimwosha mgeni miguu. Kumbe mgeni ni Odysseus mwenyewe, amejifanya ombaomba! Homer anasimulia kwamba yaya alimtambua kwa kovu la nguruwe mwitu, naye akaifunga siri kifuani. Wanawake wawili, wote kimya, na nyumba nzima imesimama juu ya kimya chao.

Nyuso kama hizo nazijua. Kila likizo inapokaribia kwisha, mama yangu hushika tama kando ya jiko. Majirani hunong'ona, "Safari hii karo imemshinda." Kumbe usiku huohuo anapanga ni mteja gani wa maziwa atakayeombwa alipe mapema, na ni kuku wangapi watakaokwenda sokoni. Alfajiri huondoka bila kumwambia mtu, na siku ya kufungua shule nami huwa getini pamoja nanyi.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Naam, lakini subira ya Penelope haikukaa bure, ilikuwa na kazi ya mchana na kazi ya usiku. Wasichana wenzangu, mtu akiwaona mmenyamaza akadhani mmeshindwa, mwacheni adhani. Nyinyi endeleeni kupiga hesabu.