Bati, Sumaku na Swali la Kidato cha Pili

Kiswahili kimetuachia mtego kwenye neno bati. Juu ya madarasa ya Rubwera kuna bati; kwenye vilima vya Kyerwa, kunakochimbwa tangu enzi za Waingereza, kuna bati vilevile. Peleka sumaku kwenye la kwanza, inang'ang'ania. Peleka kwenye la pili, haina habari. La paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi ni lile la machimboni, na sumaku hailivuti.

Nilikuwa Rubwera kwa BTP, nafundisha Fizikia Kidato cha Pili, mada ya sumaku. Maabara hakuna, ila sumaku ya spika ya redio mbovu ilitosha. Tukafika pale kitabu kinaposema ukikata sumaku, kila kipande kinabaki na ncha zake mbili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ukikata, ukikata tena, itafika mahali iache kuwa sumaku?"

Aisee! Mwalimu mmoja mzoefu alinishauri nimwambie asubiri chuo, maana mtihani wa taifa hauulizi hilo. Namheshimu, na mitihani anaijua kuliko mimi. Lakini wengi wa wale watoto hawatafika chuo, na swali lina jibu, tena lenye namba. Kwa nini wanyimwe?

Watafiti wa Cambridge, Uingereza, walilichapisha mwaka 1998. Wao hawakukata, walijenga. Ndani ya ombwe walipeleka mvuke wa chuma juu ya galiamu asenaidi, ambayo ni nusu-kipitishi, atomi zikatua tabaka kwa tabaka. Hadi kama tabaka tatu na nusu, hakuna sumaku kwenye joto la kawaida la chumba. Zikikaribia tano, sumaku hiyo hapo. Sasa linganisha: bati la paa lenye unene wa milimita 0.3 lina tabaka za atomi kama milioni mbili!

Mbona tatu hazitoshi, na kila atomi ya chuma ni kisumaku tayari? Hapo niliwatoa nje. Niliwapanga uwanjani wawili wawili, mbalimbali, kila kikundi kielekee kinakotaka, kwa sharti moja: mkigusana mabega, lazima mtazame upande mmoja. Nikawa naongeza mtoto mmoja mmoja. Kwa muda mrefu hakikubadilika kitu, kila kikundi na upande wake. Kisha mabega yakaanza kufikiana, na ghafla darasa zima likawa linatazama migomba. Ndivyo inavyokuwa kwenye chuma kile: atomi za kwanza hujikusanya kama visiwa, joto linatikisa kila kisiwa kivyake, mpaka visiwa viungane.

Wapo watakaosema hiyo ni sayansi ya wenye mashine. Mashine kweli hatuna. Ila chuma si kigeni Karagwe. Hazina ya watawala wake pale Bweranyange ilikuwa na vyuma vilivyofuliwa, hadi sanamu ndogo za ng'ombe. Na matunda ya tabaka hizi tunayatumia. Mwaka 1988 Albert Fert na wenzake, Ufaransa, walipanga chuma na kromiamu kwa zamu juu ya galiamu asenaidi hiyohiyo. Kwenye baridi kali, uga wa sumaku ulishusha ukinzani wa umeme karibu nusu. Peter Grünberg wa Ujerumani aligundua jambo hilohilo kivyake, wakapewa Nobel pamoja mwaka 2007. Visomeo vya diski za kompyuta vikatengenezwa kwa msingi huo.

Kipindi kilichofuata yule binti akaja na jingine: nani alizihesabu hizo tabaka? Nikamweleza njia mojawapo inayotumika sana. Pembeni ya sampuli huwekwa kipande cha kwatzi kinachotetema, kama kile kilicho ndani ya saa ya ukutani. Chuma kikitua juu yake kinaongezeka uzito, mtetemo unapungua, na kwa kupungua huko wanapiga hesabu ya unene.

"Kwatzi ndiyo nini?"

Jiwe jeupe, nikasema, lile ambalo bati la huku mara nyingi linapatikana ndani yake.

"Lile wanalolitupa?"

Kesho yake alikuja nalo, la ukubwa wa ngumi, akaliweka mezani karibu na sumaku.