Mji Mmoja, Majina Mawili

Wenzangu kijiweni hunicheka. "Wewe umeishia kidato cha nne, pasi ya kusafiria huna, halafu unaandika riwaya ya Ubelgiji! Andika Manzese bwana." Manzese nitaiandika. Lakini mhusika wangu mkuu, Zaituni, anakaa Brussels, na kabla sijamfungulia mlango ni lazima nijue anwani yake. Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Ndugu msomaji, mji ule una manispaa 19, kila moja na meya wake. Tunachokiita Brussels kwa pamoja ni hizo zote, ambazo tangu 1989 zina serikali yao ya mkoa. Lakini Jiji la Brussels lenyewe ni moja tu kati ya hizo 19. Halafu mji una lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Kwa hiyo kibao cha mtaa kimeandikwa mara mbili. Ixelles ndiyo Elsene. Forest ndiyo Vorst. Uccle ndiyo Ukkel. Ukienda manispaa kuchukua kitambulisho, unachagua kimoja: Kifaransa au Kiholanzi. Zaituni, ambaye ameota na kulia kwa Kiswahili tangu azaliwe, atatia alama wapi?

Mambo haya nimeyapata kwa mama mdogo, aliyeolewa na Mkongo wa Bukavu na kuhamia huko. Mpaka leo humwandikia bibi barua, kwa sababu bibi anasema maneno ya simu hayakai sandukuni. Kwanza bahasha zilitoka Schaerbeek, kisha Molenbeek, kisha Ixelles. Mwaka mmoja ikaja iliyoandikwa Elsene. Bibi akashtuka: "Kumbe amejenga nyumba ya pili!" Hakuna nyumba ya pili. Mama mdogo alikuwa amepata kibarua kwa tajiri anayesema Kiholanzi, naye akaanza kuandika mtaa wake kama wanavyouandika kazini. Nyumba ni ileile, mlango uleule; aliyebadilika ni anayemlipa mshahara.

Kilichomwokoa bibi ni namba. Tangu 1969 posta ya Ubelgiji inatumia namba za tarakimu nne, na namba haisemi Kifaransa wala Kiholanzi. Schaerbeek ni 1030, Molenbeek ni 1080, Ixelles ni 1050. Elsene nayo? 1050.

Msidhani namba zenyewe zinafuata mipaka, jamani. Mwaka 1864 Jiji la Brussels lilijitwalia barabara ya Avenue Louise ili lifike kwenye msitu wa mapumziko, likaipasua Ixelles vipande viwili. Mpaka leo barabara hiyo ni mali ya Jiji, lakini barua zake zinaandikwa 1050. Laeken, kwenye jumba la mfalme, ilimezwa na Jiji mwaka 1921 na haina tena meya wake. Posta lakini imeiachia namba yake, 1020.

Sasa njoo Matonge, anakokaa mama mdogo. Ni mitaa ya Ixelles karibu na Porte de Namur: masaluni ya kusuka, vitambaa vya vitenge, pondu, samaki wa chumvi. Jina limetoka Matonge ya Kinshasa, likaletwa na Wakongo wenyewe. Si manispaa. Halina namba ya posta. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Hawa wapo, na lao bado halipo kwenye orodha. Hata hivyo mwulize mtu yeyote mjini Matonge iko wapi, atakuonyesha.

Wakongo waliomba kwa miaka Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, apewe uwanja. Ndani ya Ixelles ombi lilikwama. Uwanja ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, mlangoni kabisa mwa Matonge, lakini upande wa pili wa mpaka, kwenye ardhi ya Jiji la Brussels. Hatua chache tu, na jina lililokataliwa huku likakubaliwa kule.

Ndiyo maana siwezi kumpa Zaituni anwani yoyote tu ili hadithi iende. Nikiandika Ixelles nimempa wakubwa hawa. Nikiandika Elsene nimempa wale. Wenzangu mnaoandika, msikubali kuambiwa kwamba majina ya mahali ni mapambo ya hadithi. Pale kuna watu wamegombea herufi.

Zaituni sasa ana chumba ghorofa ya tatu, juu ya saluni. Kwenye fomu ya manispaa ametia alama Kifaransa, maana foleni ilikuwa ndefu na karani alikuwa anamtazama. Lakini akimwandikia mama yake, sehemu ya mtumaji anaweka mistari mitatu: jina lake, 1050, na Matonge. Barua za majibu zinafika.