Binti Aliyekaa Chini ya Dirisha

Wapendwa, haya tunayoandika ni maungamo kwanza, mafundisho baadaye. Tuliokosa ni sisi tuliokuwa na dhamana ya darasa la kipaimara: mchungaji, mwinjilisti na wazee wa kanisa. Tunasema "sisi" kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyesimama upande wa pili.

Mgeni akifika Karema, hakai muda mrefu bila kuonyeshwa ziwa na misheni ya Wakatoliki. Wabelgiji walijenga boma hapa mwaka 1879, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hapa ndipo alipotumika Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, kisha akaja kuwa daktari na katekista katika mwambao huu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Sisi Walutheri ni wachache na tumekuja nyuma. Habari za Atiman tulikuwa tukizisikia kama mtu anavyosikia habari za ukoo wa jirani: nzuri, lakini si zetu.

Zamani, tulipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu mmoja alitusomesha hadithi fupi ya Mmarekani Raymond Carver iitwayo "Cathedral", yaani kanisa kuu. Ilitoka mwaka 1981. Carver alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, na mwenyewe aliteswa na pombe kwa miaka mingi mpaka alipoiacha mwaka 1977. Aliandika juu ya watu wa kawaida kwa maneno machache na makavu, bila kumweleza msomaji ahisi nini.

Katika hadithi hiyo mume mmoja anasubiri mgeni asiyotaka kumpokea. Ni kipofu, rafiki wa mke wake, aliyefiwa na mkewe karibuni. Mwenye nyumba hajawahi kumjua asiyeona hata mmoja, lakini ameshajaza kichwa chake: vipofu wako hivi, vipofu hawafanyi vile. Mgeni anafika, anakula vizuri, anazungumza, anacheka. Usiku televisheni inaonyesha makanisa makuu ya Ulaya, na mgeni anaomba aelezwe yakoje. Mwenye nyumba anajaribu, anashindwa. Basi mgeni anamwambia atafute karatasi nene na kalamu. Anapata mfuko wa karatasi, wanaukunjua, na anaanza kuchora kanisa huku mkono wa mgeni umepanda juu ya mkono wake. Mwishoni mgeni anamwambia afumbe macho na aendelee kuchora. Anafumba. Anapoambiwa afumbue atazame, anaamua kubaki hivyo kidogo. Hadithi inaishia hapo.

Darasani tulimcheka sana yule mume. Tulimwita mjinga. Tuliandika insha, tukapata alama nzuri. Mwalimu alituonyesha jambo moja ambalo tulilinakili na kulisahau: mume yule analijua jina la mgeni, ni Robert, lakini katika kusimulia kwake karibu kila mara anamwita "kipofu" tu.

Miaka ikapita, tukapangiwa kazi Karema.

Jumamosi moja, darasa la kipaimara likiendelea, mzee mmoja alifika mlangoni akiongozwa na mjukuu wake, fimbo mkononi. Alikuwa haoni. Kabla hajafungua kinywa, mzee wa kanisa mmoja alishaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu. Yule mgeni akasalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Tukatazamana. Sisi husalimiana "Bwana Yesu asifiwe." Lile jibu la "Milele, amina" tulilijua, lakini lilikwama kooni kana kwamba kulitamka ni kuhama dini. Walioitikia ni watoto. Chuoni tulikariri kwa ajili ya mtihani kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Tarehe tulikuwa nayo; salamu ilitushinda.

Mzee hakuja kuomba. Alikuja kutupa pole, kwa sababu mmoja wa wazee wetu alikuwa amefariki wiki ile, na wao wawili walivua migebuka pamoja tangu ujanani. Aliwahi pia kuwa katekista kwa miaka mingi. Tukamkaribisha kwenye benchi karibu na dirisha, tukaona haya, darasa likaendelea.

Kijana mmoja aliulizwa maana ya amri ya nane katika Katekisimo Ndogo. Akakwama. Kimya kikawa kirefu. Ndipo mgeni akageuza kichwa na kusema, "Mbona huyu wa nje anajibu vizuri, hamumwiti ndani?"

Msidhani alikuwa na masikio ya ajabu. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, na sisi tulikuwa mbali. Chini ya dirisha, kivulini, alikaa dada wa yule kijana. Alipoteza macho alipougua surua akiwa mdogo. Kila Jumamosi alikuja na ndugu yake, akaketi pale nje kumsubiri, na kwa miaka miwili alikuwa ameyasikia mafunzo yote na kuyajibu kwa kunong'ona.

Tukamwambia mzee, "Ni dada yake huyu kijana. Haoni."

"Sawa, haoni," akasema. "Jina lake nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Kwa miaka miwili tulikuwa tukisema "yule kipofu." Ndugu yake ndiye aliyelitaja jina. Pale pale ile hadithi ya Carver ilirudi, na safari hii haikutuchekesha.

Hapa hatutaliandika jina la binti. Sasa tunalijua vizuri. Ila ni lake, na hakutupa ruhusa ya kulipeleka kitabuni.

Kosa letu halikuwa la bahati mbaya. Mama yake alikuwa amekuja kutuomba aandikishwe, nasi tukamwambia, "Mama, ngoja kwanza, hataweza kusoma Katekisimo." Tulisema kwa upole, na upole huo ndio uliolificha kosa. Tungelikuwa tumejiuliza hata swali moja, tungelikumbuka Katekisimo hiyo ilitoka wapi. Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata misingi ya imani. Aliiandika ili mkuu wa nyumba aifundishe nyumbani kwake, watoto na watumishi waikariri, hata wale wasiojua kusoma. Yaani kitabu kilichoandikwa kiingie kwa masikio ndicho tulichokigeuza kuwa mlango uliofungwa. Na Paulo, katika Warumi 10, anasema imani huja kwa kusikia. Andiko hilo tumelihubiri mara ngapi?

Ubaguzi ndivyo ulivyo. Hauji daima na matusi. Huja na huruma, na sarafu mfukoni, na "ngoja kwanza." Wala elimu peke yake haiuponyi. Tulikuwa tumesoma hadithi nzima juu ya mtu wa namna yetu, tukamhukumu yeye na kujiacha sisi.

Yule binti tulimwita ndani siku ile ile. Mzee alimwuliza amri zote kumi na maana zake, akajibu bila kukosea. Baadaye tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mama alilia, kumbe alikuwa ameamini kwamba kanisa limemkataa mwanawe kwa sababu ya dhambi fulani ya nyumba yao. Swali lile lile wanafunzi walimwuliza Yesu katika Yohana 9, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akalikataa. Sisi hatukulisema kwa kinywa, lakini mwenendo wetu ulikuwa umemjibu mama huyu vibaya. Binti naye akatuambia kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni Mungu aliyesema nikae nje."

Neno hilo tunalala nalo na kuamka nalo.

Mwaka uliofuata alibarikiwa pamoja na wenzake. Tulipoweka mkono juu ya kichwa chake, mkono ulitetemeka. Baada ya ibada aliomba kujua madhabahu ikoje. Tukaanza kueleza: kuna meza, kuna msalaba, kuna kitambaa. Maneno yakaisha upesi. Basi tukaushika mkono wake, akagusa meza kuanzia pembe hadi pembe, akaufikia msalaba. Akauliza, "Huku kumevunjika?" Tulikuwa tumesimama mbele ya msalaba ule kila Jumapili, na hatukujua kwamba ncha yake moja imepasuka.

Tungependa kumaliza kwa kusema tumepona. Lakini Carver hakumwongoa yule mume mwishoni. Alimwacha amefumba macho, ameguswa, hajui la kusema. Luther naye alitufundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Juzi tu tulijikuta tunamwita mtu "yule mlemavu wa kule bandarini." Tukasimama katikati ya sentensi, tukaulizana jina lake.

Ndugu msomaji, Jumapili ijayo, kabla ya kuingia ibadani, pita kwanza nje ya dirisha la kanisa lako. Ukimkuta mtu pale, usianze na sarafu. Msalimu kwa salamu yake, kisha umwulize jina.

Bwana atufumbue macho. Amina.