Nguo ya Tope na Mtungi wa Maji

Mto Niger una tabia ya ukaidi. Chanzo chake ni milima ya Guinea, mahali ambapo bahari ya Atlantiki iko umbali wa kilomita 240 tu. Lakini badala ya kuikimbilia bahari hiyo jirani, mto huu huipa kisogo, ukaelekea kaskazini-mashariki hadi ukingoni mwa jangwa la Sahara, ndipo ukapinda na kushuka kuelekea Nigeria. Safari yake yote ni karibu kilomita 4,200. Wabambara wa Mali huuita Joliba. Kabla haujatawanyika katika nyanda za majimaji za katikati ya Mali, mto hupita mbele ya mji wa Ségou, yapata kilomita 235 kutoka Bamako. Tulifika huko mwezi wa Februari mwaka 2010, katika ziara ya kikazi ya kutazama jinsi wenzetu wanavyotunza kazi zao za mikono.

Ukiingia Ségou jambo la kwanza kuonekana ni wekundu: kuta nyekundu, vumbi jekundu, ofisi za zamani za Wafaransa zilizojengwa kwa kuiga minara ya udongo ya wenyeji. La pili ni mti uitwao balanzan. Mti huu ni wa jamii ya migunga, na msomaji aliyepita kando ya Mto Ruaha amekwisha kuuona. Hupukutisha majani yake wakati wa mvua na kuchanua wakati wa kiangazi, hata mkulima akaweza kupanda mtama chini yake bila kuogopa kivuli. Watu wa Ségou husema kwamba mji wao una mibalanzan 4,444 na mmoja zaidi, uliopinda, ambao mgeni haonyeshwi. Tuliuliza uko wapi. Walicheka.

Mji huu ulikuwa makao ya dola. Biton Coulibaly aliijenga dola ya Wabambara mwanzoni mwa karne ya 18, na kaburi lake liko Ségou Koro, yaani Ségou ya Kale, kilomita chache juu ya mto. Ukoo wa Diarra ukashika ufalme baadaye. Mwaka 1861 majeshi ya Al-Haji Umar Tall yaliuteka mji, na mwaka 1890 wakaja Wafaransa. Habari hizi zote zimo katika vinywa vya majeli, ambao ni manju na wanahistoria wa jadi, na zikisimuliwa kwa zeze la ngoni huchukua usiku kucha.

Liko jambo moja katika historia hiyo linalotugusa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Julai 1796 msafiri Mskoti, Mungo Park, alifika ng'ambo ya Ségou. Mfalme Monzon Diarra hakumruhusu kuvuka na kuingia mjini, bali alimpelekea kauri 5,000 za kumfaa njiani na kumtaka aende zake. Kauri ndiyo iliyokuwa fedha ya soko. Wakati ule zilitoka hasa katika visiwa vya Maldivi. Lakini karne ya 19 ilipofika katikati, wafanyabiashara wa Hamburg walizichota kwa shehena katika pwani yetu na Unguja, wakazipeleka Afrika Magharibi kununulia mafuta ya mawese, hata thamani yake ikaporomoka. Kwa hiyo kete walizookota wazee wetu maji yalipokupwa ziliwahi kuwa mshahara wa mtu mwingine asiyeijua bahari hata kwa ndoto.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari. Siku ya kwanza alitupa jina la Coulibaly, kama ilivyo desturi yao kumpa mgeni ukoo. Tangu hapo kila muuza karanga aliyetuuliza jina aliangua kicheko na kutuambia kwamba sisi ni walaji wa kunde, wala hatufai kuaminiwa jikoni. Huo ndio utani wao, waitwao senankuya, na hatukuhitaji kufasiriwa. Nani kati yetu hajamwona Mnyamwezi akimvua Mzaramo kofia msibani?

Ama kuhusu nguo iliyotupeleka kule, jina lake kamili ni bogolanfini. Bogo ni udongo au tope, lan ni kuonyesha chombo cha kufanyia kazi, fini ni nguo. Nguo iliyotendwa kwa tope. Zamani wanawake walisokota pamba, wanaume wakaifuma katika vipande virefu vyembamba, kisha vipande vikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka nguo ikapatikana. Nguo hiyo huchovywa katika maji ya majani ya mti wa n'galama, ikatoka ya manjano. Mgeni hudhani kwamba manjano yale ni pambo. Sivyo. Majani yale yana tanini, na bila tanini tope lingeoshwa likaisha. Tope lenyewe huchotwa katika madimbwi na kuwekwa chunguni lichache kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima. Lina chuma ndani yake. Chuma kikutanapo na tanini, weusi huzaliwa ukang'ang'ania uzi.

Tulikaa juu ya kigoda tukimtazama mchoraji mmoja akifanya kazi, nasi tukachelewa kutambua alilokuwa akilifanya. Tulikuwa tunasubiri achore ua, au mstari, au jicho. Yeye hakuchora chochote kati ya hivyo. Alikuwa akipaka tope mahali pote pasipokuwa na pambo, akizunguka, akizunguka, na pambo likabaki katikati kama kisiwa ambacho maji hayakukifikia. Nguo ikioshwa huchovywa tena na kupakwa tena, mara mbili au zaidi. Mwisho kabisa ule umanjano uliobaki ndani ya pambo huondolewa kwa dawa kali kama sabuni ya magadi, na pambo likang'aa jeupe. Kwa hiyo mchoraji wa bogolan hupaka usiku ili mchana ubaki, na kosa la kidole kimoja haliwezi kufutwa. Sisi tunaotunga mashairi tunafuta kila siku.

Nguo hii haikuwa ya kujipamba tu. Wawindaji waliivaa, na wanawake waliovuka salama uchungu wa uzazi waliivaa, kwa itikadi kwamba ina kinga ndani yake. Alama zake zina majina na maana, na aliyefunzwa huzisoma. Kanga zetu husema kwa maandishi, hata jirani akanuna. Bogolan husema kwa alama, na asiyefunzwa huona mistari tu.

Mwaka 1978 vijana sita waliosomea sanaa Bamako waliunda kundi la Bogolan Kasobané, wakaenda vijijini kujifunza kwa akina mama rangi za majani, magome na tope, kisha wakazitumia kuchora picha za ukutani na mavazi ya michezo ya kuigiza. Baadaye mbunifu wa mavazi Chris Seydou, aliyefariki mwaka 1994, aliipeleka bogolan katika maonyesho ya mitindo ya Paris. Mmoja wa wale sita, Boubacar Doumbia, ndiye aliyeanzisha Ségou karakana ya Ndomo, ambapo vijana hujifunza kazi hii huku wakipata riziki yao. Jina lenyewe limechaguliwa kwa busara: ndomo ni chama cha jadi cha wavulana ambao hawajatahiriwa, shule yao ya kwanza ya kuwa watu. Hayo ni mema. Lakini katika vibanda vya kando ya mto tuliona pia nguo zilizopigwa chapa kwa vibao, rangi ya dukani, kazi ya asubuhi moja, na muuzaji akimwapia mtalii kwamba imetengenezwa na bibi yake. Bei ilikuwa karibu sawa na ile ya kweli. Hapo tulianza kuona kwamba swali la nani ananunua ni zito kuliko swali la nani anafundisha.

Siku ya pili tulipita Markala, ambako vijana wa vijiji huchezesha vinyago na wanasesere wakubwa wa wanyama, mchezo ulioingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Hatukuukuta ukichezwa. Tuliona tu lile boma kubwa la kuzuia maji ya mto, lililojengwa kati ya miaka ya 1934 na 1947 kwa kazi ya kulazimishwa. Mwalimu alituonyesha kwa kidevu, akaendelea na safari.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumapili, tulipanda mtumbwi wa Wasomono, ambao tangu enzi za wafalme ndio wavuvi na wavushaji wa mto, tukasukumwa kwa upondo mpaka kijiji cha Kalabougou. Huko wanawake wote ni wafinyanzi, na waume zao ni wahunzi. Udongo huchimbwa na wanawake wenyewe, ukachanganywa na vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa, ili usipasuke motoni. Hawatumii gurudumu. Chini ya mtungi hutandazwa juu ya chungu cha zamani kilichogeuzwa, kisha kuta hupandishwa kwa mikunjo ya udongo, mfinyanzi akilainisha kwa mkono na kwa kitambaa kilicholowa. Vyungu huchomwa mwisho wa juma. Hupangwa uwanjani pamoja na kuni na kufunikwa kwa majani makavu, chungu juu ya chungu, mpaka rundo likawa kama nyumba. Kisha hutiwa moto. Joto lilitusukuma nyuma hatua kumi. Wanawake hawakurudi nyuma. Kwa miti mirefu walivuta vyungu vikiwa bado vyekundu na kuvitumbukiza katika maji yaliyochemshiwa magome, navyo vikalia kwa sauti kali na kutoka vyeusi, vinang'aa.

Bibi mmoja, ambaye wenzake walimsikiliza sana, alituuliza kupitia kwa mwalimu, "Huko kwenu maji ya kunywa mnaweka wapi?"

Tulimjibu kwamba siku hizi wengi huweka katika ndoo za plastiki.

Akafikiri kidogo. "Basi mnakunywa maji ya moto?"

Tulimweleza habari za wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao nao hufinyanga bila gurudumu na kusafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi hadi sokoni Matema. Alifurahi sana. Akataka kujua kama waume zao ni wahunzi hodari. Alipoambiwa kwamba ni wavuvi aliacha kazi, akamtazama mwalimu kana kwamba amefasiri vibaya. Mfinyanzi akaolewa na mvuvi?

Jambo hilo lilitupa mazungumzo njia nzima ya kurudi. Katika jadi ya Wabambara, mhunzi, jeli na mshona ngozi ni watu wa koo za mafundi, waitwao nyamakala, na kwa desturi hawakuoana na koo za waungwana. Waliheshimiwa, wakaogopwa kwa nguvu iliyomo katika kazi zao, na papo hapo wakatengwa. Binti wa Kalabougou huupokea udongo kwa mama yake kama anavyopokea lugha. Sisi tuliokulia katika siasa ya usawa hatuwezi kuisifu ada inayompa mtoto kazi kabla hajazaliwa. Hata hivyo, katika fomu tuliyotoka nayo ofisini palikuwa na safu ya "vikundi vya sanaa vilivyosajiliwa", na pale Kalabougou hatukuwa na la kujaza. Hapakuwa na kikundi. Palikuwa na kijiji kizima kilichofanya kazi hii bila kuombwa, bila semina na bila posho.

Tulimwuliza mwalimu kama ufundi ule ungedumu bila ule ukuta wa ndoa. Yeye mwenyewe ni wa ukoo wa majeli. "Baba yangu," alisema, "alisimulia habari za Monzon kwa aliyempa ng'ombe. Mimi nazisimulia kwa mshahara wa serikali, na wanafunzi wangu ni watoto wa kila ukoo. Habari ni zile zile. Lakini baba alizijua kwa moyo, mimi nina daftari." Hakusema ni kipi bora, nasi hatukumshurutisha.

Miaka miwili baada ya ziara yetu, yaani mwaka 2012, Mali iliingia katika vita. Mwezi wa Januari 2013 mapigano yalifika Diabaly, katika mkoa huo huo wa Ségou, na mabasi ya watalii yakakatika. Tuliposikia habari hizo tulivifikiria vile vibanda vya kando ya mto na nguo zao za asubuhi moja, ambazo hazikuwa na mnunuzi mwingine ila yule ashukaye katika ndege. Mnunuzi wa mtungi tulikuwa tumemwona kwa macho. Ilikuwa Jumatatu, siku ya soko, na vyungu vya Kalabougou vilikuwa vimevushwa mto vikiwa vimefungwa kwa nyasi. Mwanamke wa makamo, mtoto mgongoni, aliinama mbele ya mitungi akaugonga mmoja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akauacha. Akagonga wa pili, na wa tatu. Muuzaji hakusema neno lolote la kusifu bidhaa yake; alimngoja tu. Wa nne aliugonga mara mbili, akazungusha kiganja ndani yake, akafungua pindo la nguo na kutoa fedha.