KICHANGA HAKOHOI KAMA MKUBWA (Sehemu ya 4)

Huku Lushoto ukungu umefika mlangoni, madirisha yamefungwa, familia nzima iko jikoni inaota moto. Akikohoa mmoja, mmekohoa wote. Ndiyo maana leo nazungumzia kifaduro.

Kuna mama nilimpokea, ameshuka na bodaboda kutoka vijiji vya juu na mtoto wa wiki tatu. Akaniambia, "Nesi, hata hakohoi sana. Ila akinyonya ananyamaza ghafla, midomo inabadilika rangi."

Nikamfunua. Akakohoa mara mbili, kidogo tu, kisha akaacha kupumua. Nikamsugua mgongo, akavuta hewa.

Nikauliza, nyumbani nani anakohoa?

"Bibi yake, mwezi sasa. Ndiye anayemwogesha."

Hebu shika hapo. Sisi tunasubiri kile kikohozi cha mfululizo chenye mlio mwishoni. Kichanga mara nyingi hana nguvu ya kutoa mlio huo. Yeye anasahau kupumua, midomo na ulimi vinakuwa bluu, anashindwa kunyonya, au anatapika baada ya kukohoa. Ukiona hata kimoja, usisubiri kukuche. Nenda hospitali, na umwache uso wazi njiani umwone anavyopumua.

Dawa ipo. Ni antibayotiki, mara nyingi azithromaisini, inayopimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo usijinunulie dukani. Ikianza mapema inasaidia zaidi. Wengi hulazwa, wengine huhitaji oksijeni, na watu wa nyumbani nao hupewa dawa. Asali na dawa ya maji ya kikohozi usimpe kabisa.

Sasa kinga. Chanjo ya kifaduro imo ndani ya penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sindano ya pepopunda uliyochomwa ukiwa mjamzito haizuii kifaduro. Yaani wiki sita za mwanzo ngao ya mtoto ni nyinyi. Anayekohoa asimbebe, akapimwe kwanza, hata kama ni bibi mpendwa. Wewe mama ukikohoa, vaa barakoa, katibiwe, lakini endelea kunyonyesha.

Yule mtoto alilazwa, akapona. Siku ya chanjo aliletwa na bibi yake, kikohozi kimeisha. Akaniambia, "Nesi, mimi nilidhani ni baridi tu."

Wengi tunadhani hivyo. Leo msomee bibi wa nyumbani kwako ujumbe huu.