Mshipa na majina yake

Kiswahili kimelibebesha neno moja, mshipa, mizigo mingi. Njia ya damu ni mshipa. Mishipa ya fahamu, ambayo haipitishi damu hata tone, nayo ni mishipa. Wapo wanaouita mshipa ule ugonjwa wa wanaume wa kuvimba korodani, na mtu akifoka tunasema mishipa ya shingo imemsimama. Kwa mshairi huo ni utajiri. Kwangu mimi ulikuwa kero, tangu binamu yangu anayesomea famasia aniombe nimsaidie kueleza masomo yake kwa Kiswahili mbele ya wazee wetu. Ukoo ndio unaomchangia karo, na wazee walitaka kujua fedha yao inanunua nini. Inanunua hivi: elimu ya mishipa ya damu ya panya wa maabara, jinsi inavyofanya kazi na jinsi inavyoharibika.

Nilianza na panya wa Kyoto, kwa kuwa kisa chake kinasimulika. Mwaka 1963, Okamoto na Aoki walieleza jinsi walivyompata panya dume ambaye msukumo wa damu yake ulikuwa juu bila mtu kumfanya lolote. Walimpandisha kwa jike ambaye msukumo wake ulikuwa juu kidogo, kisha wakaendelea kuzalisha ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata ukoo mzima wa panya wenye ugonjwa huo. Wakiwa wachanga huwezi kuwatofautisha kwa urahisi na panya wengine. Baada ya wiki chache msukumo huanza kupanda, na wakikomaa wengi hufika milimita 180 za zebaki na kuzidi. Wauguzi wetu wa Lubumbashi wangesema 18. Hupimwa kwa kikanda kinachofungwa mkiani, kama sisi tunavyofungwa mkononi.

Lakini kupima panya mzima hakukuambii mshipa wenyewe una nini. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1970, kuna chombo ambacho Mulvany na Halpern walikitengeneza kwa ajili ya mishipa midogo. Kipande cha mshipa kutoka tumboni mwa panya, chenye urefu wa milimita 2 hivi, hupitishwa nyaya mbili nyembamba kama unywele. Waya mmoja umeshikwa imara, mwingine umeunganishwa na kipimo cha nguvu. Kipande hicho huogeshwa katika maji ya chumvi yenye joto la mwili, na hewa ya oksijeni ikipulizwa ndani. Binamu yangu aliponieleza hapo nilimkatiza: mnyama ameshakufa, mshipa wake unawezaje kujibu? Unajibu. Tia dawa moja, unajikaza na kuvuta waya. Tia asetilikolini, unaachia.

Na hapo ndipo lugha iliponikwamisha. Vitabu vya Kifaransa vinasema mshipa «unalegea», na kulegea huko ndiko afya. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili! Kwetu kilicholegea kimeharibika: goti limelegea, mlango umelegea, na mabango ya waganga yanaahidi kuiponya mishipa iliyolegea ya wanaume, kila mtu anajua wanasema nini. Ningewaambia wazee kwamba mshipa mzuri ni ule unaolegea, wangecheka mpaka jioni. Nikachagua kufunguka. Mshipa mzima hujua kujifunga na hujua kufunguka. Mgonjwa anajua kujifunga tu.

Kinachouamuru ufunguke ni tabaka lake la ndani kabisa, lenye unene wa seli moja tu. Furchgott alilionyesha jambo hilo mwaka 1980 kwa mishipa ya sungura: tabaka hilo likikwanguliwa, asetilikolini haifungui tena. Baadaye ikajulikana kwamba ujumbe unaotoka humo ni gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 yeye, Ignarro na Murad wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1995 walikuwapo tayari panya wadogo walioondolewa jeni ya kutengenezea gesi hiyo katika tabaka lile, na msukumo wa damu yao ulikuwa juu kuliko wa wenzao.

Mama alikuwa amekaa mbele. Kwake tansiyo ni jambo la mawazo: ukiwa na mawazo inapanda, mawazo yakiisha inashuka, na dalili yake ni kichwa. Amepimwa 17 kwa 10 zaidi ya mara moja. Dada yake mkubwa alianguka sokoni, akapooza upande mmoja, na hakuishi mwaka. Hata hivyo asubuhi nyingi nimemsikia akisema, «Leo kichwa hainiume, nitameza dawa ya nini?»

Siku ile alinyanyua mkono. «Kwa hiyo unanifananisha na panya?»

Wazee wakacheka. Nikamjibu, «Hapana, mama. Lakini panya naye haseme kichwa inamuuma. Banamupima, banakuta iko 18.»

Hakucheka. Akauliza kama yule panya alikuwa na mawazo. Binamu yangu akamwambia kwamba panya wa Kyoto alizaliwa na ugonjwa wake, na kwamba kuta za mishipa yake huzidi kuwa nene na njia kuwa nyembamba wakati yeye anakula na kukimbia kama kawaida. Mama akataka kujua zaidi kuhusu lile tabaka la ndani: je, likiharibika linaota tena? Binamu akasema linaweza kujirekebisha kwa kiasi, lakini si likipigwa na msukumo huo kila siku.

Sasa dawa iko mezani karibu na chumvi, ambayo nayo imepungua. Mimi na binamu bado tunabishana. Yeye anataka tuandike «endoteli», mimi nataka «utando wa ndani», na mama hutumia neno lake: ngozi ya mshipa.