Mama wa "Deewaar" na Wanawe Wawili

Katika sinema za Kihindi zinazosimulia maisha ya majambazi, ni chache zilizomweka mama mahali pagumu kama "Deewaar", iliyotolewa mwaka 1975 chini ya uongozi wa Yash Chopra. Jina hilo maana yake ni ukuta, na ukuta wenyewe umesimama ndani ya nyumba moja, baina ya ndugu wa tumbo moja.

Baba yao, Anand Verma, alikuwa kiongozi wa wafanyakazi. Mwajiri alipoona kuwa hanunuliki, aliwateka mkewe na watoto wake. Ili kuwaokoa, Anand alitia sahihi mkataba uliowasaliti wenzake, kisha kwa aibu akatokomea. Watu wenye hasira wakamkamata mwana mkubwa, Vijay, wakamchora mkononi maneno yasiyofutika kwamba baba yake ni mwizi. Mama, Sumitra, akakimbilia Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, akawa mchukuzi wa matofali penye kujengwa majumba. Vijay akang'arisha viatu ili mdogo wake, Ravi, apate kusoma.

Msomaji na alitie jambo hili moyoni, kwani watunzi, Salim Khan na Javed Akhtar, wamekijenga kisa chote juu yake. Ravi anakuwa afisa wa polisi. Vijay anatoka katika ukuli wa bandarini na kuingia katika magendo ya dhahabu. Basi huyo mwenye sheria mkononi amesomeshwa kwa jasho la yule anayetakiwa kumkamata.

Amitabh Bachchan, aliyemwigiza Vijay, hapigi kelele. Wahuni wanaowatoza makuli fedha wanapomtafuta, wanamkuta amewatangulia ghalani mwao, ameketi kitini, miguu ameinyoosha. Anaufunga mlango yeye mwenyewe, kisha anawarushia ufunguo ili aje autwae mfukoni mwao baada ya kuwapiga! Mkononi amevaa beji yenye nambari 786, ambayo mzee wa Kiislamu, mwenzake kazini, amemweleza baraka zake. Wenyeji wa pwani yetu wanaojua hesabu ya abjadi hawahitaji kufafanuliwa kwamba hiyo ni Bismillahi.

Shashi Kapoor amepewa sehemu isiyo na fahari, naye ameitenda kwa utulivu uliostahili tuzo ya Filmfare aliyoipata. Ravi anampiga risasi ya mguu kijana mkimbizi, kumbe ameiba mkate tu. Anapopeleka chakula kwao, baba wa kijana, mwalimu mstaafu, anamwambia kuwa wizi ni wizi, uwe mdogo au mkubwa. Baada ya kauli hiyo Ravi hana tena pa kujificha. Anaikubali kazi ya kumwandama kaka yake.

Lakini aliye mzito kuliko wote ni Nirupa Roy, aliyemwigiza mama. Vijay ananunua jumba lile ambalo zamani mama yake alilibebea matofali, akidhani ndiyo malipo ya machozi yake. Mama anapojua fedha zilikotoka, anahama pamoja na Ravi. Kwa hiyo ndugu hao wanapokutana usiku chini ya daraja na Vijay akahesabu majumba na magari yake, mdogo anamjibu kwa neno moja tu: anaye mama. Wapo wanaosema kwamba mama huyu ni mkavu wa moyo. Si kweli. Anakiri kuwa Vijay ndiye aliyempenda zaidi, na ndiyo sababu hawezi kula jasho la dhambi zake.

Mwaka 1957 sinema ya "Mother India" ilimwonyesha mama akimuua mwanawe kwa mkono wake. Sumitra hafyatui. Anampa Ravi bastola na kumwombea mkono wake usitetemeke. Kisha, akiwa amemaliza wajibu wake, anakwenda hekaluni kumngoja mwana wa kwanza. Vijay, ambaye tangu utotoni aligoma kuingia humo, anafika na jeraha la risasi ya mdogo wake, akakata roho mapajani mwa mama.

Kisa hiki chote ni kumbukumbu ya mama huyo. Sinema inapofunguliwa, yumo katika hadhara ambamo Ravi anatunukiwa kwa ushujaa wake, naye Ravi anasema kwamba heshima hiyo ni haki ya mama. Watu wanampigia makofi.